Ukurasa wa Mbuzi

Fundi hakuwa mtu wa kusahau. Ndivyo alivyojisifu, na mtaa mzima ulimwamini. Mteja akija na kitambaa, akisema anataka sketi ya marinda yenye mfuko upande wa kulia, Fundi aliitikia tu huku mguu uko kwenye pedali ya cherehani. Baada ya wiki mbili sketi ilikuwa tayari. Marinda yapo, na mfuko uko kulia.

Daftari la oda alikuwa nalo, tena kubwa, lenye jalada la bluu. Aliandika humo kwa sababu mume wake alimsisitiza aandike. Lakini kulifungua tena asome alichoandika, hilo hakulifanya. Alijigusa paji la uso na kusema kwamba daftari lake liko hapa.

Chumba cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, kimeelekea barabara. Kulikuwa na meza ya kukatia, cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolewa vipuri, kopo la vifungo, na boksi la makaratasi. Makaratasi yale yalikuwa ya kuchorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Fundi hakuchagua. Gazeti kuukuu, mfuko wa saruji, chochote kilichotosha ukubwa aliingiza humo.

Barazani, mlango kwa mlango naye, alifanya kazi Msusi. Msusi alikuwa na viti vitatu, kioo kimoja chenye ufa, na mdomo usiojua likizo. Akisuka alisimulia. Asiposuka alisimulia zaidi.

Fundi na mume wake walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka saba. Alikuwa darasa la kwanza. Nyumbani walimwita Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea. Akiamka anaongea, akila anaongea, na akilala bado midomo inacheza.

Kila siku alasiri, Chiriku alirudi shuleni, akala, akabadili nguo, kisha akakaa kwenye kigoda kando ya cherehani. Alifungua kitabu chake cha kusomea, kilicholegea mpaka kurasa zikawa zinachomoka, akaanza. Alisoma kwa sauti, haraka, bila kukwama. Wateja wa Msusi waligeuza vichwa kusikiliza, na Msusi akawagombeza kwa sababu nywele zilimponyoka. Fundi hakusema kitu, lakini moyoni alivimba. Macho yake yalikuwa kwenye sindano, maana macho ya fundi wa cherehani yakitembea, kidole kinaumia. Alisikiliza kwa masikio tu.

Baada ya kusoma, Chiriku alihesabu. Moja mpaka mia, kwa pumzi tatu. Baba yake, ambaye alikuwa mpaka rangi wa nyumba, alisimuliwa hayo kila jioni huku anakwangua rangi kwenye kucha. Kesho yake aliwasimulia wenzake kazini. Wenzake walikwisha kuchoka kusikia.

Mambo yalibadilika Jumatano moja.

Siku hiyo Fundi alikuwa anashona blauzi ya kola. Alihitaji karatasi ya kukatia kola. Aliingiza mkono kwenye boksi bila kutazama, akavuta karatasi moja iliyokuwa juu juu. Ilikuwa ngumu kiasi, inafaa. Akachora, akakata, akaibana juu ya kitambaa kwa pini nne. Vipande vilivyobaki vikaanguka sakafuni. Yote hayo aliyafanya huku anamjibu mteja mmoja wa Msusi kupitia dirishani.

Chiriku akakaa kwenye kigoda na kuanza. Alisoma habari za kisima. Akafungua ukurasa mwingine, akasoma habari za mbuzi. Hizo wateja walizipenda kuliko zote.

"Mbuzi amekula kamba," alisoma Chiriku. "Kamba imekatika. Mbuzi amekimbia. Mbuzi yuko shambani kwa jirani."

Barazani walicheka. Fundi naye alitabasamu, mguu kwenye pedali, mkono mmoja ukipapasa karatasi ya kola mezani kando yake ili ilale vizuri. Ndipo akaona maandishi. Yalikuwa makubwa, kama yale ya watoto. Akasoma, maana kusoma alijua, ingawa hakukupenda. *Mbuzi amekula ka.* Hapo mkasi ulikuwa umepita. Chini ya maneno kulikuwa na picha ya mbuzi asiye na miguu ya nyuma. Miguu ya nyuma ilikuwa sakafuni.

Fundi aligeuka taratibu, akatazama kitabu kilichokuwa mapajani mwa mwanawe. Kilikuwa wazi kwenye picha ya ndoo na bomba la maji. Hapakuwa na mbuzi. Hapakuwa na kamba. Mbuzi alikuwa mezani, amebanwa kwa pini nne, chini ya mkono wa mama mtu. Na Chiriku bado alikuwa anasoma habari zake, kichwa kimeinama, macho kwenye ndoo.

Fundi alipigwa na butwaa. Mguu uliteleza kwenye pedali. Barazani, Msusi alikuwa anawaambia watu kwamba mtoto yule ni moto wa kuotea mbali. Kisha akapaza sauti, akauliza mbona cherehani imenyamaza. Fundi alijibu kwamba uzi umekatika. Uzi ulikuwa mzima kabisa.

Alingoja mpaka wateja wakaondoka. Akarudisha mlango, akachuchumaa mbele ya Chiriku na kile kitabu. Akamwomba asome ukurasa wa ndoo. Chiriku akasoma wote, haraka, bila kosa. Fundi akafunika picha kwa kiganja, akaweka kidole chini ya neno moja katikati ya ukurasa, akauliza hili ni neno gani. Lilikuwa neno *maji*.

Chiriku alitazama kidole. Akatazama uso wa mama yake. Kisha akaanza upya ukurasa wote, kuanzia mstari wa kwanza.

"Sijasema ukurasa wote. Neno hili tu."

Chiriku alinyamaza. Kwa mtoto yule, kunyamaza kulikuwa ni habari kubwa.

Fundi alifunga kitabu. Akavuta kopo la vifungo. Pengine hesabu imesalimika, aliwaza. Akamwambia mwanawe amtolee vifungo saba vya shati. Chiriku akafurahi, akaingiza mkono, akaanza kuvisukuma mezani huku anahesabu. Mdomo ulikwenda upande wake, na mkono ukaenda upande wake. Alipofika saba alisimama kwa majivuno. Mezani vilikuwa vifungo kumi na kimoja.

"Ndivyo saba hivyo?" aliuliza Fundi.

"Ndiyo, mama. Nimesema mpaka saba."

Fundi alitaka kukasirika, maana hasira ingekuwa nafuu kuliko hofu ile. Akamuuliza kwa nini amekuwa akimdanganya miezi yote hii. Chiriku alitoa macho. Hakuwa na uso wa mtoto aliyekamatwa. Alikuwa na uso wa mtoto asiyeelewa kosa lake.

"Sijadanganya, mama. Kusoma si ni kukumbuka kilichomo kitabuni? Mimi nakumbuka vyote."

Jibu hilo lilimkata maini. Fundi alitoka, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama karibu na pipa la maji. Aliona aibu, akaogopa, akajichukia kidogo. Kwa miezi mitano mtoto amekaa miguuni pake. Hajainama hata mara moja kutazama ukurasa.

Baba Chiriku alipoambiwa, alicheka. Alidhani anataniwa. Akachukua kopo la rangi aliyokuja nayo, akamwonyesha binti yake maandishi makubwa ubavuni. Yaliandikwa *RANGI YA MAJI*. Akamuuliza pameandikwa nini. Chiriku akatazama picha iliyokuwa juu ya kopo, akajibu bila wasiwasi, "Nyumba."

Baba mtu alikalia lile kopo. Aliposema, alisema vibaya. Alisema kwamba huyu amezoea mchezo, anahitaji fimbo.

"Tukianza kuchapana, Baba Chiriku, tuanze na mimi," alisema Fundi. "Halafu wewe. Mtoto atakuwa wa tatu."

Fimbo haikutajwa tena.

Asubuhi Fundi alifunga chumba, akaenda shuleni. Mkononi alikuwa na kipande cha kola chenye nusu mbuzi. Njiani alipanga maneno makali ya kumwambia Mwalimu. Alipofika mlango wa darasa la kwanza, maneno yalimwisha. Watoto walikuwa sabini na mmoja. Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyokauka, alisoma sentensi moja, na darasa zima likairudia kwa pamoja mpaka bati likatetemeka. Chiriku alikuwa mstari wa nyuma. Mdomo wake ulifunguka kuliko midomo yote. Macho yake yalikuwa dirishani.

Wakati wa mapumziko Fundi alieleza yote. Mwalimu alishika kile kipande cha karatasi muda mrefu. Kisha akaita watoto kumi waliokuwa karibu, akawafunika picha mmoja mmoja, akawauliza neno moja moja. Sita walisoma. Wanne walitiririka ukurasa mzima kwa kichwa, kama Chiriku. Mwalimu aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Wanne katika kumi," alisema. "Mama Chiriku, na mimi nilikuwa najua hawa wote wanasoma. Midomo sabini na moja ikifunguka pamoja, nitajuaje ni upi unasoma na upi unafuata?"

Alikiri kosa lake, akasema kuanzia siku hiyo atamsikiliza kila mtoto peke yake, hata kama ni dakika moja moja kwa zamu. Halafu akatoa habari nzito zaidi. Baada ya wiki saba kila mtoto ataitwa peke yake. Atapewa ukurasa ambao hajawahi kuuona. Atapewa na hesabu ndogo za kujumlisha na kutoa. Asiyeweza atarudia darasa la kwanza, wenzake waende la pili.

Fundi aliuliza kama mwanawe ana akili nzito.

"Mtoto aliyeshika kitabu kizima kwa masikio ana akili nzito?" alijibu Mwalimu. "Ana akili kutushinda mimi na wewe. Ila macho yake hayajafundishwa kazi. Darasani nitafanya sehemu yangu. Nyumbani nipe robo saa kila siku. Robo saa tu, akiwa ameshiba na hajachoka."

Kisha akamweleza la kufanya, na Fundi akasikiliza kuliko alivyowahi kumsikiliza mteja. Amfundishe mtoto sauti za herufi, kisha aziunganishe mbili mbili ziwe silabi, kama ma, me, mi. Silabi ziunganishwe ziwe neno. Kidole kiwe chini ya kila neno linaposomwa, wala mdomo usikimbie mbele ya kidole. Picha ifunikwe kwanza, ifunuliwe baadaye. Mtoto akikwama, mzazi asimtajie jibu papo hapo. Ahesabu hadi tano kimoyomoyo, ampe nafasi, ndipo amsaidie kwa sauti ya kwanza ya neno. Na hesabu ifanywe kwa vitu. Kitu kimoja, mguso mmoja, namba moja.

"Sina vifaa vya shule nyumbani," alisema Fundi.

Mwalimu alimtazama. "Si umeniambia una kopo zima la vifungo?"

Jioni ile Fundi alikata kadibodi za mashati vipande vidogo vidogo. Akaandika silabi kwa penseli ya kuchorea nguo, moja kila kipande. Akavipanga mezani mstari mmoja mmoja. Ma, me, mi, mo, mu. Ka, ke, ki, ko, ku. Akaendelea hivyo hadi meza ikajaa. Kila alasiri alisimamisha cherehani, akakaa chini na mwanawe robo saa. Cherehani isiposikika, mtaa wote ulijua kwamba Chiriku yuko kazini.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu, nisikufiche. Chiriku hakuzoea kukosea mbele ya watu. Alipokwama alicheka, akaruka, akaomba maji, akaomba choo, akaomba maji tena. Siku moja uvumilivu ulimwisha Fundi. Alimfokea, akasukuma vile vipande vikaanguka. Kesho yake Chiriku alikaa mlangoni, akakataa kuingia. Fundi alijua amekoroga. Akatoka, akakaa naye kizingitini, akamwomba radhi. Alimwambia kwamba hata yeye alipoanza kushona alishona mkono wa gauni mahali pa shingo. Chiriku alitaka kujua mteja alisema nini. Walicheka, wakaingia ndani.

Kufikia wiki ya pili Chiriku alisoma vipande vyote mezani bila kukosea hata kimoja. Fundi alianza tena kuvimba moyoni. Siku hiyo Baba Chiriku aliingia na ngazi yake begani, ngazi ikagonga meza, vipande vyote vikamwagika. Aliinama kuviokota. Kwa utani akamwonyesha binti yake kimoja, akamuuliza hiki nini.

Chiriku alikitazama. "Kilikuwa wapi kwanza?" aliuliza.

Fundi na mume wake walitazamana, midomo wazi. Baba Chiriku akaokota kingine, na kingine. Mtoto hakujua hata kimoja. Kumbe alikuwa amekariri mpangilio wa meza. Alijua cha kwanza ni ma kwa sababu kilikuwa cha kwanza. Wiki mbili zimekwenda, zimebaki tano, na wako palepale. Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili.

Safari hii Baba Chiriku ndiye aliyekwenda shuleni, na madoa yake ya rangi kwenye nguo. Mwalimu hakumlaumu. Alimwambia kwamba hilo hutokea sana, na dawa yake ni nyepesi. Vipande vichanganywe kila siku, visipangwe sawa hata mara moja. Waanze na silabi sita tu, si meza nzima. Halafu wazitumie kujenga maneno, mapya kila siku, ili kumbukumbu ikose pa kushika na macho yalazimike kufanya kazi.

Kesho yake Fundi aliweka vipande viwili tu mezani. Ka, kisha ta. Kidole cha Chiriku kilipita chini polepole.

"Ka. Ta. Kata," alisema, akatazama mkasi wa mama yake.

Fundi alinyoosha mkono, akabadilisha vile vipande. Cha nyuma akakileta mbele. Chiriku alifungua mdomo aseme kata, mara akasimama. Fundi alikuwa anahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikasogea.

"Ta," alisema Chiriku. "Ka. Ta-ka. Taka." Alitazama sakafu, palipojaa vipande vya nguo vya kutupa. Kisha akainua uso, macho yamemtoka. "Mama, nani amekwambia ulifiche neno hilo humo?"

"Sijalificha. Lilikuwapo. Umeliona mwenyewe."

Toka hapo mtoto hakukamatika. Alitaka vipande vigeuzwe tena na tena. Alijenga maneno, mengine yenye maana na mengine ya kuchekesha tu. Baba yake alileta makopo matupu ya rangi, wakasoma ubavuni. Walisoma mabango ya barabarani, wakasoma gazeti lililofungiwa sabuni, wakasoma jina la Msusi juu ya mlango wake. Msusi aligundua siku hiyo kwamba aliyemwandikia aliruka herufi moja, na jina lilikuwa hivyo kwa miaka minne.

Hesabu walifanya kwa vifungo. Kila kifungo kiliguswa, kikasogezwa, ndipo kikatajwa. Walipofika kumi walivimimina kwenye kifuniko cha chupa, wakaanza kumi nyingine. Shati hili linataka vifungo saba, nimeshashona vinne, nitolee vilivyobaki. Chiriku alitoa vitatu. Blauzi mbili, kila moja vifungo vitano, nipe vya kutosha zote. Hapo alifikiri kidogo, akapanga mistari miwili, akahesabu kumi. Kwenye tepu ya kupimia walicheza mchezo wa kutafuta. Thelathini na saba iko wapi, na sabini na tatu iko wapi, na ipi imetangulia. Mara tatu alizichanganya. Mara ya nne akaziweka sawa, na tangu hapo hakuzichanganya tena.

Lakini kusoma kwake kulikuwa polepole. Yule mtoto aliyekuwa akitiririka sasa alisoma akisimama, akirudi nyuma, akijisahihisha. Wateja wa Msusi hawakugeuza vichwa tena. Msusi mwenyewe alishindwa kujizuia.

"Jirani, nisamehe mdomo wangu," alisema siku moja. "Mtoto amepatwa na nini? Zamani alisoma kuliko mwalimu wake. Sasa amerudi nyuma."

Fundi alimwambia kwamba zamani alikuwa hasomi. Sasa ndiyo anasoma. Msusi alibaki na chanuo hewani. Hakuuliza zaidi, na hilo lilikuwa la kushangaza pia.

Wiki hiyohiyo Msusi alileta kitambaa cha zambarau. Dada yake alikuwa amemletea kutoka mbali, na cha aina hiyo hakikupatikana madukani. Alitaka gauni la mikono mifupi, kwa sababu kazi yake ni ya mikono. Asubuhi yake alirudi, amebadili mawazo. Alitaka mikono mirefu. Fundi aliandika kwenye daftari la bluu huku mdomo umejaa pini, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona.

Siku ya kupimwa watoto, wazazi walisimama nje, chini ya madirisha ya darasa. Fundi alifika kabla ya kengele. Mikono yake ilikuwa haina la kufanya, akawa anakunja na kukunjua pindo la nguo yake. Mtoto mmoja alitoka analia. Mwingine akatoka anaruka. Kisha akasikia jina la mwanawe linaitwa, jina la shuleni, na akasikia Mwalimu anamwambia afungue karatasi.

Kimya kilikuwa kirefu. Fundi alihesabu hadi tano. Akahesabu tena.

"Ba-ba," ilisema sauti ndani, ndogo, haina haraka. "Baba a-na-pa-ka u-ku-ta. Ukuta." Ikasimama. "U-ku-ta u-li-ku-wa na do-a."

Fundi alijifunika mdomo kwa kanga asilie kwa sauti. Hajawahi kusikia mtoto akisoma polepole namna ile, na hajawahi kusikia kitu kilichomfurahisha hivyo. Hadithi ile hakuna aliyekuwa amemsimulia. Chiriku alikuwa anaitoa kwenye karatasi mwenyewe, neno moja baada ya jingine. Hesabu zake alifanya kwa vidole, akakosa moja kati ya nane. Mwalimu alitoka mlangoni kidogo tu, akamtafuta Fundi kwa macho, akamwinulia vidole viwili. Darasa la pili.

Walirudi nyumbani karibu wanakimbia. Fundi alikuwa na furaha iliyomzidi. Alifungua chumba, akapaza sauti kumpa Msusi habari, akamwambia kwamba zawadi yake ni gauni lile kulikata leo leo. Akatandaza kitambaa cha zambarau mezani. Akapima mikono, akachora chaki juu kidogo ya kiwiko. Alikuwa anaimba.

Chiriku alikaa kwenye kigoda chake. Kitabu chake kilibaki shuleni, kwa hiyo alichukua kilichokuwa karibu. Kilikuwa daftari la bluu. Akalifungua, kidole kikaanza kutembea, kikasimama kwenye jina la Msusi.

"Mama, gauni hilo mikono yake ni mifupi?"

"Mifupi. Ameniambia kwa mdomo wake," alisema Fundi, akaingiza mkasi.

Kidole cha Chiriku kilirudi mwanzo wa mstari. "Mbona hapa hapasemi hivyo? Mi-ko-no. Mi-re-fu." Akarudia yote pamoja. "Mikono mirefu."

Mkasi ulisimama. Ulikuwa umeshauma kitambaa, kiasi cha urefu wa ukucha. Barazani Msusi alisimama wima, mteja wake akabaki na nusu ya kichwa kimesukwa. Aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo mtaa ulikuwa haujawahi kuisikia kwake, kama Fundi amesahau kwamba kesho yake asubuhi yeye Msusi alirudi akabadili mawazo.

Fundi aliliendea daftari. Mwandiko ulikuwa wake. Maneno yalikuwa pale wiki nzima, makubwa, yanamngoja. Ilikuwa siku ya mbuzi tena.

Chiriku alimtazama usoni kwa huruma.

"Mama," alisema, "na wewe ulikuwa unakumbuka tu. Hukutazama."

Kitambaa kilikuwa kimepona, maana mkato wa urefu wa ukucha ungefichwa na mshono, na aliyekiponya alikuwa na miaka saba. Fundi aliweka mkasi mezani, mbali na mkono. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akavuta daftari la bluu karibu, akaanza kusoma kimya oda za wiki ile.

"Weka kidole, mama," alisema Chiriku.

Fundi akaweka kidole.